Sindano ya Nadir

Majibu ya mkemia yalifika kabla ya chai ya asubuhi, na yaliwaharibia watu wote siku yao. Kichupa kilichookotwa katika zahanati ya Vuga hakikuwa na sumu. Bomba la sindano halikuwa na sumu. Ndani mlikuwa na seftriaksoni, dawa ya kuua vijidudu wanayopigwa watu kila siku ya Mungu kisiwani Unguja, na maji safi ya kuichanganyia. Basi.

Inspekta Mwatum Jecha aliyasoma mara mbili, akamtazama Koplo Usi aliyesimama mlangoni.

"Mkuu keshayaona?"

"Keshayaona, afande. Kasema sumu ya nini? Mtu akijua fulani hapatani na dawa, kisha akampiga dawa hiyo hiyo, hana haja ya sumu. Anataka jalada kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi. Kujaribu kuua."

Mkuu hakukosea sana, na hilo ndilo lililomkera Mwatum. Riyama, binti wa Shangani, alikuwa biharusi wa wiki hii. Akashikwa na homa na maumivu ya ubavu, akaandikiwa sindano katika zahanati ile. Mpigaji sindano alikuwa Nadir, muuguzi, ambaye mwaka jana alipeleka posa kwa Riyama ikarudishwa. Ukoo mzima ulijua kuwa penisilini haimkubali msichana huyo. Alipokuwa mdogo nusura imuue. Sindano ya kwanza ilipita salama. Ya pili, alivimba, akakata pumzi, akaanguka chini ya kiti. Watu wa hospitali wakamrudisha duniani, naye Nadir akalala mahabusu. Hadithi ilikuwa imejikamilisha yenyewe, na Mwatum hakuzipenda hadithi za namna hiyo. Ushahidi unaokuja umevaa na kujipamba alikuwa akiufungia mlango kwanza.

Akaagiza Nadir aletwe.

Kijana aliletwa adhuhuri, na shati alilokamatwa nalo. Mwatum hakuketi. Alipohoji alisimama dirishani akampa mtu mgongo, kwa sababu watu wengi husema zaidi wasipotazamwa.

"Ulijua penisilini haimkubali?"

"Nnajua."

"Na seftriaksoni ni ukoo mmoja na penisilini?"

"Ni ukoo mmoja. Lakini kishapigwa hiyo hiyo zamani, alipolazwa kwa kichomi, na haikumfanya kitu. Nlimuuliza kabla. Na jana yake nlimpiga mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka nikaridhika, akenda zake."

"Basi kwa nini siku ya pili ulikuwa umeshavunja kichupa cha adrenalini, dawa ya kumrudishia mtu pumzi, kabla hujamgusa? Kilikutwa kwenye sahani, tayari. Ulijua ataanguka."

Hapo ndipo jalada lilipokuwa na meno. Kila aliyelisoma alisimama kwenye sahani ile.

"Nlikiweka tayari jana yake pia," Nadir alisema. "Mtu mwenye mzio, hata dawa iwe ya kuaminika vipi, unaweka adrenalini mkononi. Ndivyo tulivyofunzwa. Ingekuwa sikuiweka, leo mngeniuliza kwa nini sikuiweka, na yeye angekuwa kaburini."

Mwatum aligeuka. Jibu lilikuwa zuri, na halikuwa limepambwa.

"Nieleze alivyoingia. Usianzie kwenye sindano. Anzia mlangoni."

Nadir alifikiri. "Aliingia na nduguye, Suhail. Amevaa baibui mpaka chini, jasho linamtoka. Anajikuna. Huku mkononi, huku mapajani juu ya nguo. Nikamuuliza, una nini? Akasema joto."

"Kabla ya sindano?"

"Kabla hata hajakaa."

"Mbona hilo halimo kwenye maelezo yako?"

"Nlilisema. Aliyekuwa akiandika kanambia nijibu nnachoulizwa."

Koplo Usi alikohoa, akautazama ukuta. Mwandishi wa maelezo yale alikuwa yeye.

"Kuna jingine?" Mwatum akauliza.

Nadir aliinama. Sauti ilimpungua. "Alikuwa ananukia singo, ule unga wanaosuguliwa maharusi. Asumini na karafuu na mawaridi. Mtu umemposa ukamkosa, afande, harufu hiyo ukiisikia kwake huisahau. Nlipiga sindano ile haraka ili atoke. Kosa langu ni hilo. Ningemtazama vizuri ningeona kuna jambo."

Alipoondolewa, makelele yakasikika kaunta. Suhail, kaka yake Riyama, alikuwa amekuja kuuliza kesi imefika wapi, na alikuwa anauliza kwa sauti ya mtu anayetaka mtaa mzima ujue anauliza. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikakubali, na simu mbili mkononi.

"Bi Mwatum, miye sitaki mengi," alisema. "Harusi iko pale pale. Dada katoka hospitali, kawekwa ndani Kidichi kwa Mama Mkubwa, Bi Mwanakheir. Huyo ndiye kamlea tangu mama yetu alipofariki, na ndiye somo wake, anayemfunda. Leo baada ya sala ya alasiri anamsinga tena. Kwa hiyo huku kwenu mmalizane na mtu wenu."

"Anamsinga tena? Kwani alikuwa akisingwa na siku ile alipoanguka?"

"Si ndiyo! Asubuhi ile nimemchukua moja kwa moja kutoka mkekani. Singo haioshwi, inasuguliwa ikauke yenyewe. Gari yangu mpaka leo inanukia."

"Na mtu mwenye homa anasingwa?"

Suhail alicheka kidogo, cheko la mwanamume anayeulizwa mambo ya uani. "Hayo nisiulizwe miye. Mgongo ulimtoka vipele vya joto, na mikono hivyo hivyo, Mama Mkubwa akasema biharusi haendi kwa mume na ngozi ya namna ile. Kasema atamtengeneza. Anayo singo yake, hakuna anayejua ina nini. Hata mama yetu alikufa hajaambiwa."

Mwatum alimshukuru, akachukua ufunguo wa gari, akamwita Usi.

Alikumbuka jinsi Riyama alivyohojiwa kitandani hospitali. Alijibu kila swali kwa maneno machache: nilikaa, nikapigwa, nikaanguka. Na kabla ya kila jibu alimtazama Bi Mwanakheir aliyekaa miguuni pake. Mwatum aliyachukulia yale kuwa ni haya ya biharusi, na sasa alijilaumu waziwazi, kwa sababu kazi yake haikuwa kuchukulia.

Daktari aliyempokea Riyama siku ile alikuwa Dokta Ummukulthum, mwanamke mfupi wa maneno makali, ambaye wagonjwa walimwogopa na kumwombea dua kwa pamoja. Walimkuta anamaliza kupita wodini. Mwatum aliuliza swali lake pale pale koridoni.

"Seftriaksoni ndiyo iliyomwangusha?"

"Nani kasema?"

"Hospitali."

"Hospitali iliandika inashukiwa. Polisi mkasoma, mkaliruka neno hilo." Daktari aliwavuta pembeni, kwenye kichumba cha kuwekea dawa, akafunga mlango. "Nisikilize. Penisilini na seftriaksoni ni baba mmoja, mama mbalimbali. Zamani tuliwaogopa wote sawasawa. Tukisomeshwa kwamba katika watu mia wenye mzio wa penisilini, kumi watadhurika na hizi nyingine. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mara nyingi mwili hauangalii ukoo, unaangalia mkia wa dawa, kile kipande kinachoning'inia ubavuni. Ipo moja, sefaleksini, mkia wake unakaribiana sana na wa ampisilini. Hiyo kumpa Riyama ingekuwa wazimu. Lakini mkia wa seftriaksoni ni mwingine kabisa."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Sikusema haiwezekani. Ni nadra. Na mtu aliyekwisha kuipata zamani ikampita salama, akapigwa tena jana yake ikampita salama, kwangu miye inazidi kuwa nadra. Nlimwambia bosi wenu kwa simu. Akasema asante."

Usi alikohoa tena. Siku hiyo kikohozi kilimshika.

"Ulipomvua nguo," Mwatum aliuliza, "ngozi yake ilikuwaje?"

"Mavimbe makubwa mekundu, yameungana. Mgongo, mikono, miguu."

"Usoni?"

Daktari alifumba macho. Alikuwa mtu wa kukumbuka kwa macho, na Mwatum alimwacha akumbuke.

"Midomo ilivimba," alisema polepole. "Lakini vipele havikufika usoni. Vilisimama shingoni, kama kola. Na huku vilisimama kwenye vifundo vya mikono. Viganja vilikuwa safi, vina hina. Nliona ajabu, lakini mtu alikuwa anakata roho, sikukaa kustaajabu."

"Singo haipakwi usoni," Mwatum alisema. "Uso una liwa yake, ya msandali. Na viganja vikishatiwa hina haviguswi tena."

"Singo ni karafuu na maua, Bi Mwatum. Keshasingwa mara ngapi katika harusi za wenzake? Penisilini itaingiaje humo?"

Mwatum alikuwa mtoto wa mtaa wa Amani, huko Ng'ambo, na jibu lilimjia kutoka uani kwa mama yake. "Daktari, weye ulipoanguka ukachubuka goti utotoni, nyumbani walikutia nini?"

Dokta Ummukulthum alilitazama kabati la dawa. Hakuna mtoto wa Ng'ambo asiyejua. Unakivunja kidonge cha rangi mbili, unaumwaga unga wake juu ya kidonda, unapuliza. Hakuna anayeuita unga ule kwa jina lake. Ni dawa ya vidonda tu, inakaa kabatini pamoja na uzi na sindano ya kushonea.

"Amoksilini," daktari alisema. "Au ampisilini. Imesuguliwa na karafuu kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka, kisha akafunikwa baibui juani." Uso wake ulibadilika. "Yuko wapi sasa hivi?"

"Kidichi. Wanamsinga tena baada ya alasiri."

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kitambo. Mwatum na Usi waliisikia walipokuwa wakipanda ngazi.

"Safari ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza," Dokta Ummukulthum alisema, na tayari alikuwa anachomoa vichupa kabatini na kuvitia katika mkoba wake. "Na mara hii hakuna Nadir wa kumwekea adrenalini. Nnakwenda na nyinyi. Usibishe."

Hakuna aliyembishia.

Mwatum alipiga simu ya Bi Mwanakheir toka wanashuka ngazi. Imezimwa. Bila shaka imezimwa; biharusi akiwa mkekani simu huzimwa, mlango hufungwa, hata mjukuu analia nje hafunguliwi. Alipiga ya Suhail, ya kwanza inatumika, ya pili inatumika. Alimlaani Suhail na simu zake zote mbili. Kisha akamtupia Usi ufunguo, akamwambia aendeshe.

Usi aliendesha kama aliyetaka kufuta makosa yake yote njiani. Walipita Bububu, wakakata kulia, wakapanda baina ya mikarafuu na vijumba vya wauza viungo, vumbi jekundu nyuma yao. Daktari alikuwa akivuta dawa kwenye bomba ndani ya gari linalorukaruka, midomo imekaza.

Kwa Bi Mwanakheir kulikuwa na turubai la harusi limeshatandwa, na wanaume barazani wanakunywa kahawa. Suhail alinyanyuka na kikombe mkononi.

"Bi Mwatum! Mbona mmekuja na..."

"Wako wapi?"

"Ndani. Lakini mwanamume haingii huko, huyu koplo wako..."

"Usi, baki hapa. Gari lisizimwe."

Wakazunguka nyumba, yeye na daktari, wakaingilia uani. Pale chini palikuwa na kinu kidogo, mchi umelazwa, vikonyo vya karafuu vimetapakaa. Kando yake kulikuwa na kifuu cha nazi. Mwatum aliinama mara moja tu. Kilijaa maganda ya vidonge, nusu nyekundu na nusu njano, yamefunguliwa moja moja kwa uangalifu na kumwagwa unga wake. Mtu aliyefanya kazi ile hakuwa na papara. Aliifanya kwa mapenzi. Mwatum alikitia kifuu ndani ya mfuko wa ushahidi, akaufunga.

"Hodi!" aliita, na hakungoja jibu.

Chumba kilikuwa cha giza kidogo, kizito kwa harufu ya udi na mawaridi. Riyama alilala chali juu ya mkeka, kanga imefungwa kifuani. Bi Mwanakheir alipiga magoti ubavuni pake, mwanamke mnene mwenye uso wa upole, bakuli ya udongo mbele yake na singo mpaka vifundoni.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir. Usimpake. Tafadhali, ondoa mkono."

"Marahaba. Kuna nini? Nyinyi polisi hamna adabu, mnaingia kwa biharusi..."

"Humu mna nini?"

"Singo." Uso ulifunga. "Yangu. Siulizwi."

"Mna vidonge vya rangi mbili."

Bi Mwanakheir aliduwaa, si kwa hofu, kwa mshangao wa mtu aliyechunguliwa jikoni mwake. "Sasa? Kwa ajili ya vipele. Nnavivunja, nnachanganya na liwa na karafuu. Hata vidonda vya mguu wangu nimevitibu kwa hivyo. Kuna ubaya gani?"

"Si uliambiwa penisilini haimkubali?"

"Astaghafirullah! Nani kampa penisilini? Miye? Nimeambiwa asinywe, hajanywa hata kimoja! Hii ya kupaka." Alimgeukia daktari kama anayetafuta shahidi. "Ya kupaka, mwanangu. Haiendi tumboni."

Daktari alikuwa ameshapiga goti upande wa pili, na alikuwa anautazama mkono wa kulia wa Riyama. Mwatum naye akautazama.

Mkono mmoja tu ndio uliopakwa. Wa kushoto ulikuwa mkavu, miguu mikavu, mgongo haujaguswa. Na ule wa kulia, kuanzia kiwikoni mpaka kifundoni, chini ya unga wa kahawia, mavimbe yalikuwa yanapanda mekundu, yanaungana, wanayaona kwa macho yao.

"Maji," daktari alisema. "Maji mengi. Na nguo safi." Alikuwa ameshaishika sindano. "Riyama, koo linabana?"

"Bado," Riyama alisema. "Kidogo."

"Mbona mkono mmoja?" Mwatum aliuliza.

"Yeye ndiye kanambia," Bi Mwanakheir alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupotea. "Kanambia, Mama Mkubwa, anza mkono mmoja kwanza, usubiri. Nikadhani anaona baridi."

Riyama alimtazama Mwatum. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze hakumtazama mtu mwingine kabla ya kujibu.

"Siku ile nlianza kuwashwa hapa hapa," alisema. "Kabla ya zahanati. Nlinyamaza. Tunafunzwa biharusi hasemi, anastahamili. Nlipozinduka hospitali Nadir yuko ndani, na kila mtu anamtukana. Ningesema nini, afande? Na sina yakini? Nimtie Mama Mkubwa mahali pake, aliyenilea?" Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni. "Nikasema kwanza nijue mwenyewe. Mkono mmoja."

"Ungekufa, mwendawazimu wewe!" daktari alisema, na akamchoma paja kwa adrenalini.

Riyama hakushtuka kwa sindano. Aliunyanyua mkono ule uliovimba, akauonyesha polisi.

"Sasa mtoeni Nadir."

Mwatum alikuwa ameshaitoa simu, anampigia mkuu. Alisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwamba jalada lisiende popote. Nje Usi alikuwa akipiga honi. Suhail aliita mlangoni, anauliza kuna nini, hakuna aliyemjibu.

Bi Mwanakheir alikuwa anautazama mkono wa mtoto. Aliutazama, kisha akaitazama bakuli, kisha bakuli na mkono, na Mwatum aliona wakati hasa ilipomwingia. Alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Akajirusha mbele, mikono miwili imefunguka, kumkumbatia Riyama kama alivyomkumbatia maisha yake yote.

"Usimguse!" walipiga kelele wote wawili, Mwatum na daktari.

Akasimama papo hapo. Walimnyanyua Riyama kwa kanga, wakamtoa mbio mpaka kwenye gari. Bi Mwanakheir akabaki katikati ya chumba, mikono yote miwili ameinyanyua juu, mbali na mwili wake, na singo inamdondoka vidoleni.